Chenso ya zamani: jinsi ya kuichagua, kuifufua, na kujua wakati wa kuiacha

Somo la mwezi huu linawahusu ninyi mliokuja na ujuzi wa mbao mikononi. Katika familia zetu za hapa Al Warqa wapo waliopasua mbao Kongo ya mashariki, waliofanya kazi kwenye mashamba ya misonobari Tanzania, na waliokuwa mafundi wa mashine Uganda na Kenya. Wengine huita mashine hii pawa so, wengine chenso, na waliotoka Kongo huiita tronçonneuse. Katika somo hili tutaiita chenso.

Mara nyingi tunaulizwa: nimeona chenso ya zamani inauzwa bei nafuu, ninunue? Jibu fupi ni hili: uzee peke yake si kasoro. Chenso iliyotengenezwa miaka 40 iliyopita inaweza kukata leo kama ilivyokata siku ya kwanza, kwa sababu ilitengenezwa ili fundi aweze kuifungua na kubadilisha kila kipande. Kinachotenganisha chenso ya kununua na ya kuacha ni mambo matatu: silinda yake ni nzima? Vipuri vyake vinapatikana? Ina breki ya mnyororo? Ukipata "ndiyo" tatu, endelea. Ukikosa ya tatu, hata ukipewa bure, usiitumie kazini.

Mashine hii ilitoka wapi

Historia kidogo itakusaidia dukani, kwa sababu umri wa chenso unaonyesha ina nini na haina nini.

Mjerumani Andreas Stihl alianzisha kampuni yake mjini Stuttgart mwaka 1926, akaanza na msumeno wa umeme. Mwaka 1929 akatoa wa petroli. Misumeno ya wakati huo ilikuwa mizito, nao ulihitaji watu wawili kuushika. Tatizo jingine lilikuwa meno: yalifanana na ya msumeno wa mkono, na yalikuwa butu upesi. Mwaka 1946 Joseph Cox, mkata miti wa jimbo la Oregon, Marekani, alimtazama funza wa mbawakavu akila gogo, akaona taya zake zinakata kushoto na kulia. Akaiga umbo hilo, na mwaka 1947 akaanza kuuza mnyororo wenye meno yaliyopinda kama herufi C. Mnyororo unaoununua leo ni mjukuu wa ule.

Mwaka 1959 Stihl walitoa modeli ya Contra, na mwaka huohuo kampuni ya Husqvarna ya Uswidi ikatoa chenso yake ya kwanza. Wakati huo mtu mmoja tayari aliweza kuangusha mti mkubwa peke yake.

Breki ya mnyororo ilianza kuenea mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kumbuka tarehe hiyo. Chenso iliyotengenezwa kabla ya hapo haina breki, isipokuwa kama mtu aliiongeza baadaye. Tena zipo modeli zilizoendelea kutengenezwa kwa miaka mingi bila breki. Maarufu kwetu ni Stihl 070, ile kubwa ya kupasulia mbao, yenye injini ya karibu sentimita za ujazo 106 na uzito wa zaidi ya kilo 10 kabla ya kufungwa baa. Wengi wenu mnaijua kwa sauti tu. Ni mashine yenye nguvu na yenye kudumu, lakini nyingi kati ya hizo hazina breki, na mtetemo wake huingia moja kwa moja mikononi.

Breki inafanya nini

Mnyororo ukiwa kwenye kasi kamili hukimbia kama mita 20 kwa sekunde. Sehemu ya juu ya ncha ya baa ikigusa tawi au ukuta, chenso hurushwa nyuma kuelekea uso na shingo ya mwenye kuishika. Tukio hilo humalizika kabla mtu hajafikiri kulikwepa. Breki ni ile ngao iliyo mbele ya mkono wa kushoto. Ikisukumwa na kifundo cha mkono, au kwenye modeli za baadaye ikisukumwa na mshtuko wenyewe, mkanda wa chuma hubana ngoma ya klachi na mnyororo husimama papo hapo.

Angalia vizuri: chenso nyingine zina ngao ya mbele inayokinga mkono tu, haisogei wala haijaunganishwa na chochote. Hiyo si breki. Breki husogea mbele na nyuma, na hutoa mlio wa "tak" inapojifunga.

Kabla ya pesa: kibali

Katika Falme za Kiarabu mtu haruhusiwi kufanya kazi ya kulipwa bila kibali cha kazi kinachotolewa na Wizara ya Rasilimali Watu (MOHRE). Hata aliye kwenye viza ya mume, mke au mzazi anahitaji kibali hicho. Jirani akikuambia, "Njoo unikatie mtende, nitakulipa," kuwa na chenso hakukupi ruhusa. Vivyo hivyo, kununua mashine, kuzitengeneza na kuziuza mara kwa mara kwa faida huhesabiwa biashara, na biashara Dubai huhitaji leseni. Njia salama ni kuajiriwa na kampuni ya bustani yenye leseni, na ujuzi wa kufufua chenso ni jambo zuri la kutaja kwenye usaili. Ukiwa na shaka, uliza ofisini kwetu kabla hujaanza, si baada ya kupigwa faini.

Ukiajiriwa kazi ya nje, ujue pia haki yako: kuanzia tarehe 15 Juni hadi 15 Septemba, kazi za juani hukatazwa kuanzia saa 6:30 mchana hadi saa 9:00 alasiri. Mwajiri anatakiwa kuwapa wafanyakazi kivuli na maji.

Wapi pa kutafuta

Chenso zilizotumika hutangazwa Dubizzle, na vipuri vya mitambo ya zamani hupatikana kwenye maeneo ya viwanda ya Sharjah, ambako maduka ya mitumba ya mashine yamejipanga mtaa kwa mtaa. Dragon Mart, jirani na International City na si mbali na kwetu, ni mahali pa mnyororo, tupa na vifaa vipya, si pa mashine za zamani.

Jihadhari na chenso "ya zamani" iliyo mpya. Nakala za 070 na modeli nyingine zinazojulikana hutengenezwa upya na kuuzwa kwa rangi na umbo lilelile. Dalili ni hizi: jina halikuchapwa kwenye chuma bali limebandikwa kwa karatasi, namba ya mashine haipo au imekwanguliwa, skrubu ni laini na vichwa vyake vinaharibika kwa bisibisi mara moja. Namba iliyokwanguliwa inaweza pia kumaanisha mali ya wizi. Acha hapohapo, usibishane.

Dakika 20 mbele ya muuzaji

Nenda mchana, na mtu mwingine, ukiwa na bisibisi, spana ya plagi, tochi ndogo na kitambaa. Omba muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Injini iliyokwisha kupata moto huficha ugonjwa wa kuwaka kwa shida.

1. *Ning'iniza chenso kwa mpini wa kamba ya kuwashia, injini ikiwa baridi na imezimwa.* Ikishuka polepole kwa hatua, ikisita kila pistoni inapopanda, mgandamizo upo. Ikishuka moja kwa moja kama ndoo kisimani, pete au silinda zimechoka. Kama modeli ina kitufe cha kupunguza mgandamizo, hakikisha hakijabonyezwa.

2. *Fungua ekzosi na umulike ndani kwa tochi.* Kwenye chenso nyingi ni skrubu mbili au tatu tu. Vuta kamba taratibu uone ubavu wa pistoni. Unaotakiwa ni laini, na mistari hafifu ya kiwandani ikiwa bado inaonekana. Mikwaruzo mirefu ya wima maana yake injini iliwahi kujamu. Huo ndio ukaguzi muhimu kuliko yote, na muuzaji akikataa, amekwisha kukujibu.

3. *Fungua plagi.* Rangi ya kahawia ni njema. Nyeupe kavu inaonyesha injini ilikuwa inapata hewa nyingi kuliko mafuta. Nyeusi yenye unyevu inaonyesha mafuta kupita kiasi, au kichujio cha hewa kilichoziba.

4. *Shika gurudumu la sumaku na ngoma ya klachi, uzitikise juu na chini.* Zikicheza, beringi zake zimekwisha.

5. *Tazama sproketi, yaani gia inayouzungusha mnyororo.* Mikato yenye kina cha zaidi ya nusu milimita maana yake ibadilishwe.

6. *Tazama baa.* Ipigie jicho kama ubao: imepinda? Simamisha rula ubavuni, ikiegemea baa na mnyororo kwa pamoja. Ikibaki nafasi kati ya rula na baa, mfereji bado unaushika mnyororo wima. Ikilala bapa juu ya vyote viwili, kingo zimelika na mnyororo utayumba.

7. *Jaribu breki*, na umuulize muuzaji modeli kamili. Hapohapo tafuta kwenye simu kama kabureta, pistoni na sili za modeli hiyo bado zinauzwa. Ukikosa hata kipande kimoja, bei ishuke au uondoke.

Fanya hesabu kabla ya kutoa mkono

Bei ya chenso ni mwanzo tu wa gharama. Tufanye mfano wa kujifunzia. Namba hizi si bei za soko, weka zako mwenyewe. Umepatana dirham 300. Mipira ya mafuta na kichujio 40, kifurushi cha kabureta 50, sili na gasketi 60, plagi 15, baa 150, mnyororo 90, tupa mbili 30. Jumla ya vipuri ni 435, na chenso imekugharimu 735. Bado hujanunua suruali yenye nyuzi za kukamata mnyororo, helmeti yenye wavu wa uso na vizibo vya masikio, buti zenye chuma puani, na glavu. Tuseme 600. Sasa umefika 1,335.

Kaeni na hesabu hiyo mezani, baba na mama, kabla ya kununua. Kama fedha inatosha mashine lakini haitoshi mavazi, basi fedha haijatosha.

Kuifufua, hatua kwa hatua

Kosa la wengi ni kurekebisha kabureta kwanza, kwa sababu skrubu zake ziko nje na zinavutia. Kabureta huguswa mwisho. Fuata mpangilio huu, na usipite hatua kabla ya iliyotangulia kuthibitika.

*Kwanza, usafi.* Mimina petroli ya zamani kwenye chombo salama. Usiimwage kwenye mchanga wala bomba la maji machafu. Fungua kifuniko cha sproketi na cha kamba, utoe vumbi na mafuta yaliyoganda kati ya mapezi ya silinda. Mapezi hayo ndiyo yanayopoza injini, na katika joto la hapa hakuna nafasi ya kuyaacha yamezibwa. Piga picha kwa simu kila unapofungua kitu, na weka skrubu za kila sehemu kwenye kikombe chake.

*Pili, mgandamizo.* Ukipata geji, funga kwenye tundu la plagi, fungua eksileta yote, na uvute kamba mara kadhaa. Karibu paundi 150 kwa inchi ya mraba ni afya njema. Chini ya 110, tegemea kubadilisha pete, na huenda pistoni na silinda.

*Tatu, cheche.* Weka plagi mpya yenye pengo la nusu milimita. Igusishe kwenye chuma cha injini, mbali na tundu lake na mbali na petroli, uvute kamba. Cheche ya buluu yenye mlio ni nzuri. Kama hakuna, na chenso ni ya zamani sana, tafuta platini nyuma ya gurudumu la sumaku. Zisafishe kwa msasa laini, futa vumbi, kisha pima pengo lake. Modeli nyingi hutaka kati ya milimita 0.3 na 0.4, kitabu cha modeli ndicho chenye neno la mwisho. Waya uliochubuka wa swichi ya kuzimia nao huua cheche, kwa hiyo ukague kabla ya kununua koili.

*Nne, njia ya mafuta.* Mpira uliokaa miaka mingi hukauka, na gereji za Dubai wakati wa kiangazi huukausha haraka zaidi. Badilisha mpira wa mafuta na kichujio cha ndani ya tanki bila kuuliza kama bado ni vizuri. Fungua kabureta, utoe utando wa ndani. Utando mzima ni laini kama ngozi nyembamba. Uliokwisha huwa mgumu na hulia kama karatasi. Kifurushi cha kabureta huja na utando mpya, gasketi na sindano.

*Tano, hewa ya wizi.* Hapa ndipo chenso nyingi zilizofufuliwa hufia. Sili za mtaimbo zikivuja, au mpira wa kati ya kabureta na silinda ukipasuka, injini huvuta hewa isiyopita kwenye kabureta. Mafuta yanakuwa machache, na katika injini hii mafuta ndiyo hubeba oili. Pistoni hukauka na kujamu. Dalili ni injini kupandisha kasi yenyewe ikiwa imetulia, au kuchelewa kushuka unapoachia eksileta. Fundi mwenye pampu hupima kwa kuziba njia zote na kuona kama shinikizo linabaki. Lipia kipimo hicho. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa chenso ni pistoni na silinda mpya.

*Sita, oili ya mnyororo.* Hii ina tanki lake, na haichanganywi na petroli. Safisha kitundu cha kutolea oili kwenye mwili wa chenso na kwenye baa. Baadaye, injini ikiwaka, elekeza ncha ya baa kwenye karatasi nyeupe bila kuigusa na uongeze kasi. Mstari mwembamba wa oili ukijichora, pampu inafanya kazi.

*Saba, breki.* Toa vumbi lote kwenye mkanda na springi. Mkanda uliolika au wenye ufa ubadilishwe, usichomelewe.

Petroli na oili

Injini ya mipigo miwili haina oili yake ndani. Inaipata kwenye petroli tu. Tumia oili ya mipigo miwili, kamwe si ya gari. Kwa petroli lita 5, kipimo cha 1 kwa 50 ni oili mililita 100, na cha 1 kwa 25 ni mililita 200. Vitabu vya zamani mara nyingi hutaka oili nyingi zaidi kwa sababu oili za enzi hizo zilikuwa duni. Kama una kitabu, kifuate. Kama huna, anza na 1 kwa 25: itatoa moshi kidogo zaidi, lakini haitakauka.

Vituo vya hapa huuza E-Plus 91, Special 95 na Super 98. Special 95 inatosha. Tumia galoni lililotengenezwa kwa petroli, changanya kiasi cha wiki chache tu, na usihifadhi ndani ya nyumba, kwenye balkoni wala ndani ya gari lililoegeshwa juani. Joto la Agosti hugeuza galoni bovu kuwa bomu.

Kunoa

Mnyororo butu ni hatari kuliko mkali, kwa sababu unakulazimisha kuusukuma. Jipime kwa vumbi: mnyororo mkali hutoa chembe nene, butu hutoa unga.

Tupa ya mviringo lazima iendane na mnyororo. Mnyororo mkubwa wa .404 hutaka tupa ya milimita 5.5, wa 3/8 hutaka 5.2, wa.325 hutaka 4.8, na ule mdogo wa 3/8 wa chenso nyepesi hutaka 4. Vaa glavu, funga breki, shika tupa kwa pembe ya nyuzi 30, na sukuma kutoka ndani kwenda nje tu. Hesabu idadi sawa ya misukumo kwa kila jino. Maliza meno ya upande mmoja, kisha geuka. Baada ya kunoa mara kadhaa, punguza kwa tupa bapa yale mapembe madogo yaliyo mbele ya kila jino, ukitumia kipimo chake. Ukiyapunguza kupita kiasi, mnyororo utang'ata mno na kurushwa nyuma.

Kuwasha mara ya kwanza

Funga skrubu mbili za kabureta, H na L, taratibu hadi ziguse, kisha fungua kila moja mzunguko mmoja. Huo ni mwanzo unaofaa modeli nyingi. Weka chenso chini, breki imefungwa, mguu wa kulia ndani ya mpini wa nyuma, mkono wa kushoto umebana mpini wa mbele. Usiwashe kwa kuirusha hewani, hata kama ndivyo ulivyoona nyumbani.

Ikishawaka na kupata moto, rekebisha L hadi injini itulie na kuitikia bila kusita. Kisha skrubu ya tatu, ya mwendo wa kutulia, hadi mnyororo usimame kabisa unapoachia eksileta. Mnyororo unaotembea wenyewe haukubaliki. Skrubu ya H iache upande wa mafuta mengi: kwenye kasi kamili bila mzigo, injini inatakiwa inguruma kwa kukatikakatika kidogo, na kunyooka ikiingia kwenye mti. Ikilia kwa sauti nyembamba kama nyuki, ina njaa ya mafuta. Zima mara moja.

Mwisho, kwenye kasi, sukuma ngao mbele kwa kifundo cha mkono wa kushoto bila kuachia mpini. Mnyororo usimame papo hapo. Ukiendelea hata kidogo, kazi haijaisha.

Miti ya hapa si ya kwetu

Mtende si mti wa mbao. Shina lake ni nyuzi zilizoshikana, zimejaa mchanga, nazo huua makali ya mnyororo na kuziba kifuniko cha sproketi. Fungua na usafishe mara kwa mara. Wakulima wa hapa tangu zamani hupanda kwa mshipi wa kamba unaoitwa habul na kukata makuti kwa mundu. Usipande mtende na chenso hata siku moja. Kazi ya juu ina vifaa na watu wake. Jeraha bichi la mtende pia huwavutia mbawakavu wekundu wanaoua mitende, kwa hiyo usikate makuti mabichi bila sababu.

Mti wa ghaf, ule uliokuwa nembo ya Mwaka wa Uvumilivu 2019, unalindwa. Mtauona Mushrif, jirani na kwetu. Kabla ya kukata mti wowote, hata ulio ndani ya ukuta wa nyumba uliyopanga, muulize mwenye nyumba kwanza, kisha Manispaa ya Dubai kwa simu 800900. Na muda wa sala au wa kupumzika kwa majirani si muda wa kuwasha chenso.

Kama nia yako ni kuituma nyumbani, ulizia mapema. Mashirika ya ndege hayataki mashine yenye petroli wala mvuke wake tankini, na katika nchi zetu nyingi matumizi ya chenso husimamiwa na ofisi za misitu, kama TFS Tanzania, KFS Kenya na NFA Uganda. Ndugu atakayeipokea aende huko kwanza.

Maneno ya dukani

Kwa Kiarabu: *minshar* ni msumeno, *mustaamal* ni kitu kilichotumika, *qita ghiyar* ni vipuri, *kam?* ni bei gani, *akhir kam?* ni bei ya mwisho. Wauzaji wengi huongea Kiurdu au Kihindi: *purana* ni cha zamani, *kitna?* ni bei gani.

Namba za dharura: gari la wagonjwa 998, polisi 999, zimamoto 997. Ziandikeni kwenye kifuniko cha sanduku la chenso.

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Utatofautishaje breki ya mnyororo na ngao ya mkono tu?
2. Muuzaji anasema, "Inawaka vizuri, hakuna haja ya kufungua ekzosi." Utamjibu nini?
3. Petroli lita 3 kwa kipimo cha 1 kwa 25 inahitaji oili kiasi gani? (Jibu: mililita 120.)
4. Injini inapandisha kasi yenyewe ikiwa imetulia. Utagusa kabureta, au utaangalia nini kwanza?
5. Ndugu amekupa 070 isiyo na breki kama kumbukumbu ya kazi yenu ya zamani. Mtaitunzaje bila mtu yeyote wa nyumbani kuitumia?

Swali la mwisho lina jibu jema: isafisheni, toeni petroli yote, ondoeni mnyororo na plagi, muiweke mahali pa heshima. Watoto wataijua kazi iliyowalea. Ya kufanyia kazi itakuwa nyingine, yenye breki.